Gorila Ana Kitabu cha Mapishi, Shangazi Hana

Sisi watu wa Miti tunakaa njia panda. Ukitoka Bukavu kuelekea kaskazini, ukaipita Mudaka, ukafika kwetu, unachagua: ama unyooshe kwenda Kavumu na Katana, ama ukate kushoto, upande mlima mpaka Tshivanga, uzame katika msitu wa Kahuzi-Biega, utokee Bunyakiri na Hombo, na kama gari lina moyo na mvua ina huruma, ufike Walikale. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1970. Tangu hapo wageni wa kutazama gorila wamepita hapa miaka nenda miaka rudi, na sijasikia hata mmoja aliyeteremka kutuuliza tunakula nini.

Gorila wameulizwa. Watafiti wa Japani, akiwemo profesa Juichi Yamagiwa wa Kyoto, pamoja na wenzao wa kituo cha Lwiro hapa jirani, wameshinda msituni miaka mingi wakiandika kila anachotia gorila mdomoni: chipukizi la mwanzi na msimu wake, gome la mti fulani, tunda la mkuyu fulani, mpaka sisimizi. Mimea zaidi ya mia moja imeorodheshwa, kila mmoja na jina lake la Kilatini na sehemu yake inayoliwa, na yote yamechapwa katika majarida ya sayansi. Gorila wa Kahuzi akisahau alichopikiwa na mama yake, kuna maktaba atakwenda kuangalia. Sasa nionyesheni mahali palipoandikwa sombe ya shangazi yangu.

Hapapo. Ndiyo maana nimenunua daftari.

Chanzo ni binti yangu mkubwa, anayesoma Kampala. Huko anakaa na wenzake ambao, anasema, wanachemsha sombe nusu saa na kutangaza kwamba imeiva. Nusu saa! Majani ya muhogo! Akanitumia ujumbe: «Papa, niulizie shangazi, sombe anaitiaka nini?» Shangazi yangu ndiye mpishi wa ukoo mzima. Hakuna matanga wala arusi ya kwetu isiyopitia kwenye sufuria zake. Nikaona hii ni kazi ya dakika tano, nikaenda na kalamu.

«Shangazi, sombe unaipikaje?»

«Sawa vile unaikulaka.»

Nikacheka, nikaandika tarehe, nikauliza tena kwa adabu.

«Unatwanga, unachemsha, unatia mawese, unatia munyu. Njo vile tu.»

«Mawese kiasi gani, shangazi?»

«Ya kufikia.»

«Ya kufikia wapi?»

Akaweka mwiko chini. «Papa, weye ulisoma mpaka Bukavu, unafundisha watoto wa watu, na unaniuliza mafuta inafikiaka wapi?»

Kuhusu muda wa kuchemsha, jibu lilikuwa «mpaka iive». Kuhusu namna ya kujua imeiva, «ikisha kuiva, utaona». Siku nyingine nilikwenda na kijiko, nikamwomba kwa heshima zote apitishe mawese kwenye kijiko kabla hayajaingia kwenye sufuria, ili nihesabu. Alinitazama machoni, akainamisha chupa, na mafuta yakaenda moja kwa moja kwenye sombe huku bado ananitazama. Wala hakuangalia sufuria. Na mafuta yalifikia.

Mtu atasema nikapime mwenyewe, niache kumsumbua mama wa watu. Nipime kwa kifaa gani? Sokoni kwetu kipimo ni Guigoz, kopo la maziwa ya watoto ambayo wengi wetu hatukuyanywa tulipokuwa watoto. Unga ni Guigoz, maharagi ni Guigoz, sambaza ni Guigoz. Kopo hilo likiwa mkononi mwa muuzaji mwenye haraka, kitako chake kimebonyezwa kwenda ndani mpaka karibu kikutane na mdomo. Likiwa la muuzaji anayekufahamu, juu panasimama kilima na chini pamelala sawa. Kwa hiyo nikiandika «Guigoz moja ya maharagi», lazima niongeze umeyanunua kwa nani, na kama mlisalimiana vizuri asubuhi hiyo.

Nilikwenda Mudaka kuchunguza jambo hili la vipimo, na hapo ndipo nilipojua kwamba daftari ni silaha mbaya kuonekana nayo hadharani. Wasiojua eneo letu wajue hili: mwaka 1994 makambi makubwa ya wakimbizi yalisimama Kashusha na Inera, kando ya barabara yetu hii hii, na tangu wakati huo mashirika ya misaada hayajatuacha, na kila shirika linakuja na daftari. Mwenye daftari ni mwenye kuandikisha. Nimefika kwa mama muuza maharagi, nimefungua ukurasa, kabla sijasema neno akaniuliza:

«Munaandika watu?»

«Hapana mama, naandika mapishi.»

«Njo vile bote banasemaka. Andika: watoto munane.»

Mwenzake wa kando akasema andika tisa. Wa tatu akaja na mkwe wake mkononi, ili mkwe aonekane kwa macho na nisije nikadai baadaye kwamba sikumwona. Mzee mmoja, ambaye nadhani alikuwa anapita tu kwenda zake, akadai jina lake liliruka mara iliyopita. Nilijaribu kueleza kwamba nataka kujua tu kama maharagi haya yanalowekwa usiku au hayalowekwi. Wakashauriana, wakaniuliza jibu gani ndilo linaloleta msaada. Niliondoka na majina ya kaya za kutosha kufungua kijiji, na sina hata pishi moja. Mpaka leo nikipita Mudaka naulizwa lori linafika lini.

Sambaza, wale samaki wadogo, nao wana kisa chao. Nilidhani huo utakuwa ukurasa mwepesi: osha, anika kidogo, kaanga, kamulia ndimu, weka pilipili, kula na bugali. Mke wangu aliusoma akaniuliza mbona sikuandika mwezi. Mwezi gani? Mwezi wa angani. Wavuvi wa ziwa Kivu huvua sambaza usiku kwa taa, samaki wanaufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina maana, mitumbwi inalala, na sambaza wanaadimika na kupanda bei. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya pishi la sambaza ni kutoka nje na kutazama juu. Nimeiandika. Binti wa Kampala amejibu kwamba kitabu chake cha mapishi ya Wafaransa kinaanza na kupasha moto jiko.

Shangazi kwa upande wake anashikilia kwamba sambaza ni chakula cha mababu. Nikafanya ualimu wangu hapo. Nikamweleza kwamba samaki huyu, Limnothrissa miodon wa wataalamu, ni wa ziwa Tanganyika, na aliletwa kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Shangazi alikuwa ameshazaliwa. Yeye ni mkubwa kwa sambaza.

«Basi mimi njo mababu,» akasema, akaendelea kukaanga.

Nikaona nimwongezee: muhogo, mahindi, maharagi, viazi, nyanya, pilipili, vyote vilivuka bahari kutoka bara la Amerika, hakuna hata kimoja kilichoota hapa zama za kale. Alifikiri kidogo, kisha akauliza kama na njaa nayo ilitoka huko. Sikuandika chochote siku hiyo.

Faida moja ya sombe ni kwamba inachukua saa nyingi motoni, na mtu aliyewekwa kulinda makala, yaani makaa ya moto, hana budi kuwa na cha kusoma. Mwaka huu nimesoma jikoni kuliko nilivyowahi kusoma darasani, vitabu vya kuazima, vingine kwenye simu, na kwa kuwa kichwa kilikuwa kwenye mapishi nikawa natafuta chakula katika kila ukurasa. Hilo ndilo lililoniharibia amani.

Nilianza na kizee cha mwaka 1928, The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide, kilichotolewa Nairobi na chama cha wanawake wa kanisa la St Andrew's. Kinafundisha mke wa mlowezi kuendesha nyumba ya Kizungu mbali na Uingereza. Kiswahili kimo pia: maneno ya kumwamrishia mpishi. Yaani Kiswahili kiliingia katika kitabu cha mapishi kama amri, na aliyeshika mwiko ndiye pekee ambaye hakuombwa maoni. Nilikisoma kama mtu anayesoma barua ya mpangaji wa zamani, nikakifunga.

Nikahamia kwetu Kongo. Mwaka 1965, Lubumbashi ilipokuwa bado inaitwa Elisabethville, André Yav aliandika kwa niaba ya waliokuwa maboi na wapishi wa Wazungu maandishi yanayoitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ni historia ya mji kwa Kiswahili cha Katanga, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapa mwaka 1990. Nikasugua mikono. Wapishi wamepata mashine ya kuandikia! Sasa siri za mchuzi zitamwagika zote. Wapi! Wameandika habari za mfalme Leopold, za vita, za mishahara, za mabwana wabaya na mabwana wabaya zaidi. Kitunguu sikukiona. Sarufi yake ingemlaza mkaguzi wa shule kitandani wiki nzima, ila hakuna kitabu nilichosoma mwaka huu kilichonishika hivyo; nilikwenda nacho mpaka makala yakazimika nikasemwa. Na ukitulia unawaelewa wale wazee. Mtu aliyewapikia wengine ujana wake wote, siku akipata karatasi hataki kupoteza wino kwa supu yao.

Kisha binti akaniletea habari za Hawa Hassan, mzaliwa wa Mogadishu anayeishi Marekani. Mwaka 2020, pamoja na Julia Turshen, alitoa In Bibi's Kitchen, mapishi ya mabibi wa nchi nane za Afrika zinazogusa Bahari ya Hindi. Mabibi! Hilo ndilo daftari langu lenyewe, limechapwa rangi. Kenya imo, Tanzania imo, Komoro imo. Sisi hatumo, kwa sababu Mungu alitupa bahari ya upande wa pili, tena kipande cha kilomita arobaini hivi, kwa nchi yenye ukubwa huu. Nikanuna. Mwaka 2025 mama huyo akatoa kingine, Setting a Place for Us, nchi nane tena, na safari hii Kongo imo. Nilishangilia mpaka nilipouliza sharti la kuingia. Ni nchi zilizopitiwa na vita.

Na mwaka ni huohuo ambao vita vilifika Kavumu mwezi wa Februari, uwanja wa ndege ukachukuliwa, na Bukavu ikafuata baada ya siku mbili. Ungepiga kura ya kuchagua wanachama, Miti ingepita bila kupingwa. Mwandishi simlaumu hata kidogo, yeye ndiye aliyetuwekea kiti na sahani. Ninachonung'unikia ni mlango tuliopitishwa.

Maana hata Lwiro ni vilevile. Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti, IRSAC, mwaka 1947, wakaijengea makao hapo Lwiro, majumba mazuri mpaka leo. Madaktari wao walikipima chakula cha Bushi, eneo letu hili, kwa makini kwa sababu watoto walikuwa na utapiamlo. Wengine walivuka hadi kisiwa cha Idjwi miaka ya 1960 wakichunguza rovu, na utafiti huo ulisaidia kuonyesha kwamba muhogo usioandaliwa vizuri unazidisha rovu pale ambapo iodini ni haba. Kazi ya heshima, imeokoa watu. Shangazi hajui iodini ni nini, ila sufuria yake ya sombe haifunikwi mwanzoni, ili ule ukali wa majani utoke na mvuke, na mtoto akigusa kifuniko anapigwa mwiko wa vidole. Hiyo nayo ni sayansi, haijachapwa.

Jumlisha basi. Pametokea mtu wa kuandika kwa ajili ya gorila, mtu wa kuandika kwa ajili ya ugonjwa, wa kuandika amri, wa kuandika vita. Wa kuandika kwa sababu chakula chetu ni kitamu, na kwa sababu hiyo tu, ndiye mimi na daftari langu la kurasa tisini na sita lililokwisha nusu kwa majina ya watu wa Mudaka.

Ndiyo maana siwezi kuliacha, ingawa nyumbani halijaleta ila fitina. Shangazi anatia liki na seleri wakati wa kutwanga. Mke wangu anasema liki ni mambo ya Bukavu, kwao sombe ni majani, mawese na karanga basi, na kwamba nikichapa ile ya shangazi nijue nani atanipikia. Nikaandika zote mbili, kurasa zinazotazamana, nikidhani ni usawa. Mke wangu amepita na kalamu nyekundu, tena yangu ya kusahihishia, akaandika pembeni mwa ukurasa wa shangazi: Hapana. Shangazi hasomi sana, lakini aliuliza ile wino nyekundu inasema nini, na mjinga mmoja wa ukoo akamsomea.

Ukurasa wenyewe umefikia hapa. Majani machanga, yachumwe asubuhi. Yatwangwe kwenye kinu. Mashine ya kusaga inaruhusiwa kama kuna matanga na watu ni wengi, isisemwe tu mbele ya shangazi. Mawese yawe ya Bunyakiri, kwa hiyo kwanza muulize dereva hali ya barabara ya msituni, kwa maana mvua ikikata njia, bei ya mafuta inapanda kabla hujafika sokoni. Makala yawe makavu. Maji ya moto ya kuongeza yakae tayari kando, usiongeze ya baridi. Usifunike. Ndagala waingie mwishoni wasije wakasagika. Munyu uonjwe na mtu mmoja, si kila anayepita. Mafuta: ya kufikia. Hapo nimeshindwa, nimeandika alivyosema.

Kwa watakaouliza nimesoma nini kingine kisicho na ugomvi, nawatajia viwili. Cha kwanza ni Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise ya mwaka 1994, iliyowekwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Nobel. Msafara wa wafanyabiashara wa pwani unaingia bara mpaka Marungu, ng'ambo ya Tanganyika, upande wetu huu, na huko wanakutana na Chatu, mtawala anayewanyang'anya mali. Najua napaswa kuwahurumia wasafiri. Nilijikuta namshangilia Chatu. Kiswahili cha tafsiri kinateleza vizuri mno, nilisoma kurasa kadhaa kwa sauti jikoni na shangazi akasema huyo mwandishi ni mtu wa watu.

Cha pili ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammad Said Abdulla, cha mwaka 1960, chenye yule mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Nilikisoma zamani shuleni, nimekirudia na kimekuwa kitamu zaidi. Bwana Msa anatazama kitu kidogo ambacho wengine wote wamekiruka, anavuta kiko, anajua. Huyo angekaa kwa shangazi jioni moja tu na angetoka na kipimo cha mawese.

Sasa nina ombi. Wewe uliyeazima Peponi yangu, na najua uko Kavumu, na najua safu hii unaisoma: kirudishe. Wanakingoja watu wengine wawili. Na kama ulikisomea jikoni kikadondokewa na mafuta, usijaribu kuyafuta kwa unga ukaniharibia karatasi. Andika pembeni ni mafuta ya chakula gani, na yalikuwa kiasi gani.